Rika la 1964: Italia Ilivyozeeka

Mwaka 1964 Italia ilipata watoto wachanga zaidi ya milioni 1. Ilikuwa miaka ya neema. Viwanda vya Turin na Milan viliajiri bila kuchoka, treni kutoka kusini zilishusha vijana kila asubuhi, na familia ya kawaida ilikuwa imeanza kununua friji na gari dogo la kwanza. Watoto hao walipofika umri wa kwenda shule, madarasa hayakuwatosha. Katika miji mingi ikabidi wasome kwa zamu, hawa asubuhi na wale mchana.

Tuwaite rika la 1964. Neno rika lina uzito kwetu, kwa sababu jamii kadhaa za Afrika Mashariki hupanga maisha ya mtu kwa kulifuata rika lake, tangu jando hadi anapokaa na wazee barazani. Wanaochunguza idadi ya watu nao hufanya hivyo hivyo. Huwachukua wote waliozaliwa mwaka mmoja, wakawafuata hatua kwa hatua, wakiwahesabu kila wanapofika.

Mwaka 2024 rika hilo lilitimiza miaka 60. Mwaka huo huo, watoto waliozaliwa Italia nzima walikuwa kama 370,000. Kwa kila mtoto mmoja aliyezaliwa, watu zaidi ya wawili walikuwa wanaingia miaka 60.

Ningependa tuzielewe namba hizi mbili polepole, tukianzia chini kabisa, maana jambo lenyewe huelezwa kombo mara nyingi. Husemwa kwamba Italia imezeeka kwa kuwa Waitaliano wanaishi miaka mingi. Ni kweli wanaishi miaka mingi, na mtoto anayezaliwa huko leo anatarajiwa kufikisha zaidi ya miaka 83. Lakini miaka hiyo peke yake isingeifikisha nchi hapa ilipo. Kuona sababu hasa, tuache Italia kwa muda, tujenge kijiji cha kubuni.

Katika kijiji hiki watoto 10 huzaliwa kila mwaka, hazidi hata mmoja wala hapungui. Hakuna anayehamia, hakuna anayehama, na kila mtu hufa siku anapotimiza miaka 80. Yafikirie maisha kama nyumba ndefu yenye vyumba 80, kila chumba cha mwaka mmoja wa umri, na kila mwaka watu wote wanasogea chumba kimoja mbele. Kila chumba kina watu 10, kwa hiyo kijiji kina watu 800 siku zote. Wenye miaka 65 na kuendelea wako vyumba 15 vya mwisho. Ni watu 150, karibu asilimia 19 ya kijiji.

Sasa anakuja daktari hodari anayewaongezea wazee miaka 5 ya kuishi. Vyumba 5 vinajengwa mwisho wa nyumba, vikiwa na watu 50. Wazee wanakuwa 200 kati ya watu 850, asilimia 23 na nusu. Kijiji kimezeeka, ila kwa kiasi kidogo.

Mrudishe daktari kwao. Kila mtu na afe akiwa na miaka 80 kama zamani, lakini kuanzia mwaka huu wazaliwe watoto 5 badala ya 10. Mwanzoni hakuna atakayeona tofauti isipokuwa mkunga. Baada ya miaka 6 au 7, mwalimu wa darasa la kwanza ataona madawati hayana watu. Ruka sasa hadi mwaka wa 65. Vyumba 65 vya mbele vina watu watano watano, jumla 325. Vyumba 15 vya nyuma bado vina watu kumi kumi, ndio wale 150. Wazee ni 150 kati ya watu 475, karibu asilimia 32.

Itazame namba hiyo vizuri. Hakuna mzee aliyeongezewa hata siku moja ya kuishi, na wazee ni wale wale 150. Kilichobadilika ni upande wa mlango wa kuingilia.

Endelea miaka 15 zaidi. Vyumba vyote 80 sasa vina watu watano watano. Kijiji kina watu 400, wazee 75, na tumerudi kwenye asilimia 19 tuliyoanza nayo. Wimbi limepita. Hili la wimbi tulishike, kwa sababu kijijini kwetu watoto walipungua mara moja tu, kisha idadi ikatulia. Italia bado haijatulia.

Mtaalamu wa Marekani, Ansley Coale, alilionyesha jambo hili kwa hesabu kamili katika miaka ya 1950: kinachozeesha taifa ni kushuka kwa uzazi kuliko kurefuka kwa maisha. Kuna sehemu ya hoja hiyo ambayo hunigusa kila ninapoirudia. Tiba ikianza kufanya kazi katika nchi maskini, haiwaokoi wazee kwanza, huwaokoa watoto. Mwaka 1960, kati ya kila watoto 1,000 waliozaliwa Italia, zaidi ya 40 walikufa kabla ya kutimiza mwaka. Leo hawazidi 3. Kisiwa cha Sardinia kiliteswa na malaria kwa karne nyingi mpaka kampeni ya kupuliza dawa ya DDT, kati ya 1946 na 1950, ilipoikomesha. Kila mtoto aliyeokolewa aliingia vyumba vya mwanzo vya ile nyumba. Kwa hiyo chanjo, maji safi na dawa ya mbu viliifanya nchi kuwa changa zaidi kabla ya jambo lolote lingine.

Italia leo ina wakazi milioni 59 hivi. Sensa ya Tanzania ya mwaka 2022 ilihesabu watu milioni 61.7. Ni idadi zinazokaribiana sana, lakini wapange watu hao foleni, mdogo mbele na mkubwa nyuma, kisha umwendee aliyesimama katikati kabisa. Katika foleni ya Tanzania utamkuta kijana wa miaka 18 hivi. Katika foleni ya Italia utamkuta mtu wa miaka 48, pengine ameshaanza kuvaa miwani ya kusomea. Karibu robo ya Waitaliano wamefikisha miaka 65, na walio chini ya miaka 15 ni kama asilimia 12 tu.

Tuingie sasa kwenye uzazi wenyewe. Ili watu wabaki walivyo bila wahamiaji, kila mwanamke anahitaji kuzaa watoto 2.1 kwa wastani. Wawili ni wa kushika nafasi yake na ya baba yao. Hiyo sehemu ndogo inayobaki inatokana na mambo mawili: wavulana huzaliwa wengi kidogo kuliko wasichana, kama 105 kwa 100, na baadhi ya wasichana hufariki kabla ya kufika umri wa kuzaa. Mwaka 1964 wastani wa Italia ulikuwa karibu 2.7. Mwaka 1995 ulikuwa umeanguka hadi 1.19. Ukapanda kidogo, ukafika kama 1.44 mwaka 2010, kisha ukashuka tena, na mwaka 2024 ulikuwa 1.18.

Tofauti ya 2.1 na 1.2 inaonekana ndogo kwenye karatasi. Ifanyie hesabu ya familia. Chukua wanawake 100 na wanaume 100, kila mwanamke awe na watoto 1.2. Watu hao 200 watapata watoto 120. Kati yao wanawake ni 60 hivi, nao watazaa wajukuu 72. Kati ya wajukuu wanawake ni 36, watakaozaa vitukuu 43. Kutoka 200 hadi 43, bila vita, bila njaa, bila tauni.

Halafu kuna jambo ambalo wanasiasa wa kila upande hulisahau wanapoahidi. Watoto huzaliwa na wanawake waliopo, na wanawake waliopo walizaliwa zamani. Mwaka 1995 walizaliwa watoto 526,000 tu Italia, wasichana wakiwa kama 256,000. Wasichana hao sasa wako katikati ya umri wa kuzaa. Hata kila mmoja wao akiamua kesho kupata watoto 2.1, rika lao litaleta watoto karibu 540,000, nusu tu ya rika la 1964. Upungufu wa mwaka 1995 ulikuwa umeshauamua upungufu wa 2024 kabla ya yeyote kuuona. Mkulima aliyekula nusu ya mbegu anajua msimu unaofuata utakuwaje, hata mvua ikija vizuri.

Serikali zimewahi kujaribu kulazimisha. Mwaka 1927 Mussolini alitoza kodi makapera, wanaume wa miaka 25 hadi 65 wasiooa, akitaka taifa lenye watu wengi na askari wengi. Uzazi uliendelea kushuka.

Sababu za leo ni za kawaida kabisa, na naamini ndiyo maana ni ngumu kuzitibu. Kijana wa Italia huondoka nyumbani kwa wazazi akiwa na miaka 30 hivi, kwa sababu kodi ya nyumba ni kubwa na kazi anayopata mara nyingi ni ya mkataba mfupi. Mama hupata mtoto wa kwanza akiwa na zaidi ya miaka 31, na anayeanza akiwa na umri huo hubaki na muda mdogo wa kufikiria wa pili. Nafasi za vituo vya kulelea watoto ni kama 30 kwa kila watoto 100 walio chini ya miaka 3, na kusini ni chache zaidi. Mzigo unamwangukia bibi, au mama anaacha kazi. Wanawake wenye ajira ni zaidi kidogo ya nusu, kiwango cha chini sana kwa Ulaya. Wengi wangetarajia kwamba mahali ambapo wanawake wengi hawana ajira ndipo watoto wangekuwa wengi, lakini ndani ya Italia hali haiko hivyo. Mkoa wa Bolzano, kule milimani kaskazini, wenye kazi na huduma nzuri za familia, ndio unaoongoza kwa uzazi. Sardinia, yenye ajira haba, iko chini ya mtoto mmoja kwa mwanamke. Ni kisiwa hicho hicho ambako malaria ilifukuzwa, na ambacho vijiji vyake vya milimani vinajulikana duniani kwa wazee waliopita miaka 100.

Tulirudie rika la 1964, maana sasa linakaribia dirisha la pensheni.

Pensheni ya Italia hufanya kazi kama upatu. Anayedhani kwamba kila mfanyakazi ana kibubu chake mahali fulani, chenye jina lake na fedha zake, atashangaa. Mchango anaoutoa mwashi wa Napoli mwezi huu unapitia taasisi ya hifadhi ya jamii, INPS, na mwezi huu huu unamlipa mstaafu wa Genoa. Mwashi atalipwa na wafanyakazi wa baadaye. Tofauti na upatu wa mtaani ni moja: mtaani idadi ya wanachama inajulikana tangu mwanzo, lakini katika upatu wa taifa wanaochangia zamu inayofuata hawajazaliwa bado.

Hesabu yake haihitaji shule kubwa. Mwajiriwa wa Italia hukatwa asilimia 33 ya mshahara kwa ajili ya pensheni, asilimia 9.19 ikitoka kwake na 23.81 kwa mwajiri. Kama kuna wafanyakazi 3 kwa kila mstaafu, mstaafu anaweza kulipwa mara tatu ya 33, yaani asilimia 99 ya mshahara wa kawaida. Wakiwa wafanyakazi 2, ni asilimia 66. Wakiwa mmoja na nusu, ni asilimia 49 na nusu. Italia ina watu wenye kazi kama milioni 24 na wastaafu kama milioni 16, kwa hiyo iko kwenye mmoja na nusu. Pensheni zilizoahidiwa zamani ni kubwa kuliko nusu ya mshahara, na waliojiajiri huchanga pungufu, hivyo hazina ya serikali huziba pengo kwa kodi. Ndiyo maana pensheni humeza karibu asilimia 16 ya pato lote la taifa.

Ahadi nyingi zilitolewa wakati rika la 1964 lilipokuwa likisoma kwa zamu na wachangiaji wa baadaye wakionekana hawana mwisho. Mwaka 1973 serikali ya Mariano Rumor ilimruhusu mwanamke mtumishi wa umma mwenye mume au watoto kustaafu baada ya miaka 14, miezi 6 na siku 1 ya kazi. Wapo waliostaafu hata kabla ya kutimiza miaka 35, wakalipwa pensheni kwa muda mrefu kuliko walivyochangia, mara mbili au tatu. Siwalaumu waliopokea. Sheria iliwapa. Lakini waliotunga sheria ile walikuwa na takwimu za uzazi mezani, na idadi ya watoto ilikuwa imeshaanza kushuka.

Marekebisho yalikuja kwa awamu. Mwaka 1995 ikaamuliwa kwamba pensheni ifuate kile mtu alichochangia maishani, badala ya mishahara yake ya mwisho. Tarehe 4 Desemba 2011, nchi ikiwa kwenye hatari ya kushindwa kulipa madeni, waziri wa kazi Elsa Fornero alisimama mbele ya waandishi wa habari kutangaza hatua kali zaidi. Alipofika kwenye neno la kujitoa sadaka, sauti ikamkatika, akalia, na waziri mkuu Mario Monti aliyekuwa kando yake ndiye aliyeendelea. Leo umri wa kawaida wa kustaafu ni miaka 67, na unafungwa na urefu wa maisha: watu wakiishi zaidi, unasogea.

Kwa hesabu, kanuni hiyo ni ya busara. Kwa haki, nina shaka nayo. Wastani wa miaka 83 unamchanganya profesa na mbeba zege, na hao hawaishi sawa wala hawafiki miaka 67 wakiwa na mgongo wa aina moja.

Wengine husema dawa ni kuweka akiba, kila mtu na kibubu chake. Hapa tushuke tena chini kabisa. Mkate atakaoula mzee mwaka 2050 utaokwa mwaka 2050. Sindano atakayochomwa siku hiyo itachomwa na mikono iliyopo siku hiyo. Fedha ni haki ya kudai sehemu ya kazi ya watu wengine. Waokaji wakiwa wachache, wenye haki hizo wataishia kushindania mikate michache. Akiba husaidia ikiwa imejenga kitu kinachomfanya mwokaji mmoja aoke mikate ya wawili: mashine, barabara, elimu. Akiba inayokaa tu haizai mwokaji.

Njia ya haraka ya kupata mikono ni kuipokea kutoka nje, na Italia imekuwa ikifanya hivyo hata pale siasa zake zinapokana. Mwaka 2024 waliokufa walikuwa kama 651,000, wakiwazidi waliozaliwa kwa 281,000 hivi. Lakini watu wa nchi walipungua kwa kama 37,000 tu, kwa sababu walioingia waliwazidi walioondoka kwa kama 244,000. Kijana anayefika akiwa na miaka 25 amekwisha kulelewa na kusomeshwa kwa gharama ya nchi nyingine. Italia nayo huipa Ujerumani, Uswisi na Uingereza zawadi ya aina hiyo hiyo kila mwaka, vijana wake wenye shahada. Wahamiaji nao huzeeka, na uzazi wao hushuka wanapokutana na kodi zile zile za nyumba na mikataba ile ile mifupi.

Mikono hiyo inaonekana zaidi katika nyumba za wazee. Waitaliano wana neno badante, linalotokana na kitenzi chao cha kuangalia na kutunza, kwa ajili ya mtu anayeishi na mzee, akimpikia, akimwogesha na kumpa dawa zake. Wengi ni wanawake kutoka Romania, Ukraine, Moldova, Peru na Ufilipino. Serikali humpa mzee asiyejiweza posho ya kila mwezi, iliyoanzishwa mwaka 1980, lakini posho ni fedha na mzee anahitaji mtu. Familia huichukua, ikaongeza fedha zake, ikamtafuta badante. Naye ameacha watu wake nyumbani. Mwaka 2005 madaktari wa akili nchini Ukraine waliipa jina ugonjwa wa Italia ile huzuni nzito waliyoiona kwa wanawake waliorudi baada ya miaka ya kulala chumba kimoja na wagonjwa wasio ndugu zao, huku watoto wao wakikua kwa simu.

Rika la 1964 litafika miaka 67 mwaka 2031. Mwaka huo, kijana wa miaka 23 anayetafuta kazi yake ya kwanza atakuwa wa rika la 2008, la watoto 577,000. Ofisi ya takwimu ya taifa, ISTAT, inakadiria kwamba kufikia 2050 Italia itakuwa na watu pungufu kidogo ya milioni 55, zaidi ya theluthi moja wakiwa wamefikisha miaka 65. Makadirio kuhusu watoto yanaweza kukosea, kwa kuwa wazazi wao hawajaamua. Kuhusu wazee ni vigumu kukosea sana. Karibu kila atakayekuwa mzee wa Italia mwaka 2050 anatembea duniani leo, ana miaka 40 na zaidi, na ana jina.

Mwaka 2049 rika la 1964 litakuwa na miaka 85, umri ambao watu wengi huanza kuhitaji mkono wa kuwashika. Mtoto wao wa kawaida, aliyezaliwa katikati ya miaka ya 1990, atakuwa na miaka 55 hivi, na miaka 12 au zaidi ya kazi mbele yake. Huenda hana kaka wala dada. Mtoto wake mwenyewe, kama anaye, amekwenda kutafuta maisha Munich. Saa moja asubuhi mama yake anahitaji kuinuliwa kitandani, na yeye anatakiwa kazini saa mbili.